Sanduku la Mkono wa Kushoto

Kwa Eleodoro, ng'ambo ya daraja la Rímac,
ngoma zimekaa sakafuni mgongo kwa mgongo
kama abiria walioachwa na basi.
Harufu ya gundi ndiyo iliyotangulia kunisalimu.

"Keti," akasema. "Hii hainunuliwi kwa macho."

Nikaikalia ya kwanza. Mbao, pande sita,
tundu mgongoni, duara, kiasi cha chungwa.
Nilichungulia: giza, na unga wa msumeno.
Nikapiga katikati kwa kiganja: du.
Du la kisima, lisilo na haraka ya kupanda.
Nikapiga juu pembeni, pale skrubu zilipolegezwa: pa.
Fupi, kavu, mtu aliyekatwa kauli.

Ya pili anaiita chotara
(na kwetu Chincha, nani si chotara?).
Nyuzi za gitaa zimelazwa ndani, nyuma ya uso wa ubao,
na ubavuni kuna swichi ya shaba ya kuzitenga.
Sikuipiga. Niliigusa tu, nayo: chwaa,
samaki anaingia kwenye mafuta ya moto.
Nikakohoa. Ikakohoa.

Nicanor, kaka yangu, hakuvuka kizingiti.
"Hilo ni bati, Melchora," akaniambia.
"Usiache mbachao."

Mbachao wetu ni kreti ya zabibu.
Baba aliipigilia misumari mwaka pamba ilipokauka,
na herufi za shamba hakuzifuta:
tulijifunza kusoma jina la bwana shamba
likiwa miguu juu, katikati ya mapaja ya Baba.
Wanasema waliotuzaa walinyang'anywa ngoma
wakabaki na masanduku ya kubebea mali ya watu.
Sijui. Waliokuwapo hawakupewa kalamu.
Ninachojua ni kwamba Baba akipiga,
sahani za jirani zilitikisika kabatini
na jirani hakuja kulalamika.

Basi ningechagua nini, mimi binti wa kreti?

Ila Machi iliyopita, nikifunga kamba za viatu,
upande wangu wa kushoto ulizimika kama taa ya umeme wa kukopa.
Ulirudi, haukurudi wote.
Sasa vidole vyangu vya kushoto hufika
kama ndugu wa milimani wanaoalikwa harusini:
wamechelewa, hawaombi radhi, keki imekwisha.

Nilirudi kwenye ngoma ya kwanza. Mkono wa kulia ukauliza.
Wa kushoto ukameza jibu.
Nikarudia. Ukameza tena.
Ubao mtupu ni mwaminifu mno,
hautakupa sauti ambayo hukuitolea nguvu.
Eleodoro akajifanya anatafuta penseli.

Kisha chotara. Kulia: du.
Kushoto nikaviacha vidole vidondoke tu, kama maganda:
chwa. Chwa-chwa.
Kilema changu kikapata matamshi.
Mkono mmoja haulei mwana, nami nilikuwa nimelea
kwa mkono mmoja miezi saba, kimya, bila kumwambia mtu.

Soli mia nne. Tukavutana hadi mia tatu na themanini
na mfuko wa turubai juu yake.
Nicanor aliubeba hadi kituoni. Njia nzima hakusema neno.

Jumapili, jikoni. Kreti ya Baba imerudia ukreti wake:
Nicanor ameikalia, anamenya maharagwe mapana,
maganda yanaangukia gazeti.
Mimi nimeketi mkabala, ninajaribu, ninakosea, ninajaribu.

Akaweka bakuli chini. Akapangusa mkono kwenye suruali.
Akanyoosha kidole, akazima swichi ya shaba.
Nikaendelea kupiga. Du, halafu
pale palipopaswa kuwa na kushoto, mkwaruzo,
kuku anayetafuta punje.
Aliusikiliza mkono wangu uchi
kwa muda wa maharagwe matatu, labda manne.

Akawasha tena, yeye mwenyewe,
akaliokota bakuli.